UZI: Kupiga picha treni ukiwa eneo la umma – haki yako inafika wapi?

#1 TarumaLaMbao (mwanzisha uzi)

Wakuu habari,

Swali hili linarudi kila mara na majibu yake huwa ya mkato. Mmoja anasema "piga tu, ni haki yako", mwingine anasema "acha, watakuchukulia kama gaidi". Wote wawili wanaruka swali la kwanza kabisa: umesimama kwenye ardhi ya nani?

Nianze na Marekani, maana ndiko kwenye hukumu nyingi zilizoandikwa. Wa Uingereza na kwingineko mtaongezea.

Ukiwa barabarani, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kwenye bustani ya umma au juu ya daraja la barabara linalokatiza reli, unaruhusiwa kupiga picha kitu chochote kinachoonekana wazi kutoka hapo: kichwa cha treni, mabehewa, yadi, jengo la stesheni, hata polisi aliyekuja kukuuliza unafanya nini. Kinga yake ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kujieleza. Hukumu inayotajwa sana ni Glik v. Cunniffe ya mwaka 2011, kutoka mahakama ya rufaa ya mzunguko wa kwanza (nchi imegawanywa mizunguko, kila mmoja na mahakama yake ya rufaa), iliyosema kurekodi polisi wakiwa kazini mahali pa umma ni haki inayojulikana wazi. Mizunguko mingine imeshika msimamo huohuo, wa tatu na wa tano mwaka 2017, wa kumi mwaka 2022.

Kuna watu hutajiwa kifungu cha 18 U.S.C. 795 (U.S.C. ni mkusanyo wa sheria za shirikisho la Marekani) ili waogope. Hicho kinahusu mitambo na maeneo ya kijeshi ambayo Rais ameyatangaza kuwa yanahitaji ulinzi huo. Treni ya makaa inayopita nyuma ya soko haimo.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaowaponza watu. Reli kubwa za mizigo kule ni mali ya kampuni binafsi: BNSF, Union Pacific, CSX, Norfolk Southern na wenzao. Hifadhi ya reli ni mali binafsi kama shamba la mtu. Ukikanyaga humo bila ruhusa, unashtakiwa kwa kuingia, na utetezi wa "nilikuwa napiga picha tu" hauna uzito wowote, kwa sababu hakuna aliyekushtaki kwa picha.

Na hifadhi ni pana kuliko kokoto. Sheria ya mwaka 1875 iliyogawa njia za reli kwenye ardhi ya serikali ilitoa futi 100, yaani kama mita 30, kila upande kutoka mstari wa katikati. Sehemu nyingine upana unategemea kampuni ilinunua kiasi gani enzi hizo. Kwa hiyo yale majani kati ya barabara na reli, ambayo hayana uzio wala kibao, mara nyingi yana mwenyewe.

---

#2 Lenzi_Ndefu

Asante mkuu. Sasa mtu anajuaje mpaka unaanzia wapi kama hakuna uzio? Na pale barabara inapokatiza reli, si barabara ya umma ile? Kwa nini watu wanafukuzwa pale?

---

#3 BehewaLaMwisho

@Lenzi_Ndefu mpaka unautafuta nyumbani kabla hujabeba kamera.

Fungua ramani ya viwanja ya kaunti husika. Kaunti nyingi zimeiweka kwenye mtandao bure. Reli huonekana kama utepe mrefu usio na namba ya nyumba, wakati mwingine una jina la kampuni, wakati mwingine umeachwa mtupu. Chukua kile kifaa cha kupimia kilichomo kwenye ramani, vuta kutoka katikati ya reli hadi ukingo wa utepe, andika umbali. Reli ikiwa na njia mbili, angalia kama mstari wa katikati umehesabiwa kati ya njia zote mbili au kwenye njia ya zamani peke yake, maana hapo watu hukosea kwa mita kadhaa. Ukishapata umbali, tafuta kitu kinachoonekana kwa macho kinacholingana nao: nguzo ya umeme, mfereji, ukingo wa lami. Hicho ndicho alama yako siku ya kwenda. Mistari ya ramani hizi si ya mpimaji ardhi, hivyo jiachie nafasi, usisimame hatua moja tu nje yake.

Kuhusu kivuko: umma una haki ya KUVUKA, basi. Kusimama katikati ya reli kusubiri treni si kuvuka. Na ukitoka kwenye lami ukashuka kwenye kokoto hata hatua mbili, umeshaingia hifadhi. Simama kwenye bega la barabara, nyuma ya mstari ambapo magari yanatakiwa kusimama. Majimbo mengi yanamtaka dereva wa gari asimame angalau futi 15 (mita 4.5) kutoka reli ya karibu, kichukulie hicho kuwa kiwango cha chini kabisa kwa mtu mwenye kamera pia. Treni inatokeza angalau futi 3, karibu mita moja, nje ya reli kila upande, na mkanda wa mzigo uliolegea unafika mbali zaidi.

Halafu kuna vivuko ambavyo si vya umma kabisa. Vile vya kwenda shambani kwa mtu au kiwandani vimeandikishwa kama vya binafsi. Kila kivuko kina namba ya tarakimu sita na herufi moja mwishoni. Iko kwenye kibao cha bluu kwenye nguzo. Ingiza namba hiyo kwenye orodha ya vivuko ya FRA, mamlaka ya reli ya shirikisho, utaona kimeandikwa cha umma au cha binafsi. Kama ni cha binafsi, geti kuwa wazi hakukupi ruhusa.

Mtego mwingine ni ile barabara ya vumbi inayokwenda sambamba na reli. Inaonekana kama njia ya kijiji, ina alama za matairi, haina mnyororo. Ni njia ya mafundi wa reli. Wanaokamatwa wakidhani wako barabarani, wengi wanakutwa humo.

---

#4 RedioYaDereva

Ngoja niongezee upande wa wafanyakazi, maana bila kuuelewa utadhani wanakuonea.

Treni ya mizigo ya mabehewa 100 ikiwa kwenye maili 55 kwa saa (km 88) inahitaji maili moja au zaidi kusimama. Dereva akiona mtu karibu na reli hana muda wa kubaini kama ni mpiga picha aliyetulia au ni mtu anayetaka kujitupa. Atapiga honi mfululizo, anaweza kuvuta breki ya dharura, na atamwambia mwongozaji wa treni kwa redio. Treni zinazofuata zinaweza kuamriwa zipite polepole mpaka eneo likaguliwe. Kwa hiyo polisi akija, mara nyingi ameitwa na mtu aliyeko kwenye kabini, na mlalamikaji huyo anajua namba ya nguzo ya maili ulipokuwa umesimama.

Kuhusu mavazi. Wapo wanaovaa kizibao cha kung'aa wakidhani kinawafanya waonekane wastaarabu. Kivue. Dereva akiona rangi ile anaelewa kuna kikosi cha kazi na anatarajia ishara kutoka kwako. Miongozo ya Network Rail, shirika linalomiliki reli za Uingereza, inakataza wapenda treni kuvaa rangi zinazofanana na za usalama kwa sababu hiyohiyo.

Flashi usiku: usimwashie dereva usoni. Kuna atakayeleta mfano wa O. Winston Link, aliyewasha taa nyingi kwa mpigo mmoja kupiga treni za mvuke za Norfolk and Western kati ya 1955 na 1960. Yule alikuwa na ruhusa ya kampuni na ushirikiano wa wafanyakazi wake.

Kile kibao cha bluu pia kina namba ya simu. Ukiona gari limekwama kwenye kivuko au kizuizi hakishuki, piga namba hiyo kwanza, taja namba ya kivuko, ndipo uite polisi wa kawaida.

---

#5 WakiliMtaani

Nakazia #1, ila swali linaloulizwa zaidi ni: afisa ameshafika, nifanyeje?

Kwanza tambua ni nani. Mlinzi wa kampuni ya ulinzi hana mamlaka ya kukunyang'anya kamera wala kukupekua. Ana kitu kimoja chenye nguvu: anaweza kukuambia utoke kwenye mali anayoilinda, na ukikataa hapo kosa la kuingia linakamilika. Polisi wa reli ni habari nyingine. Wale wa kampuni kubwa za Marekani ni polisi kamili walioapishwa na jimbo, na sheria ya shirikisho, 49 U.S.C. 28101, inawawezesha kutumia mamlaka yao kwenye majimbo mengine ambako reli hiyo inapita. Usimjibu kama mlinzi wa geti.

Mazungumzo na polisi yana ngazi tatu. Ya kwanza ni maongezi ya hiari; unaweza kuondoka. Ya pili ni kuzuiliwa kwa muda, ambako tangu Terry v. Ohio (1968) kunahitaji shaka yenye msingi unaoelezeka. Ya tatu ni kukamatwa, kunakohitaji sababu ya kutosha kuamini umetenda kosa. Swali la kukuonyesha uko ngazi gani ni moja: "Afande, niko huru kuondoka?" Akisema ndiyo, amua kuendelea au kuondoka. Akisema hapana, muulize kwa upole anashuku kosa gani. Kupiga picha treni peke yake si kosa la kushukiwa.

Kitambulisho: hapa watu wa mitandaoni wanadanganyana sana. Hukumu ya Hiibel ya mwaka 2004 ilisema jimbo linaweza kukulazimisha utaje jina lako kama umezuiliwa kihalali na sheria ya jimbo hilo inataka hivyo. Nevada ni mojawapo, na yapo mengine. Kwa hiyo "sitaji jina langu" si jibu salama kila mahali. Kitu kingine, hata pale ambapo hulazimiki, kusema "napiga picha treni, hii hapa ratiba, nimesimama kwenye njia ya umma" humaliza mambo kwa dakika mbili. Haki ya kunyamaza unayo, lakini si lazima uitumie kwa kila afande mwenye maswali ya kawaida. Hayo ni maoni yangu, wengine watanipinga.

Kurekodi sauti ni suala tofauti na picha. Majimbo kadhaa yanataka kila aliyemo kwenye mazungumzo aridhie au angalau ajue anarekodiwa. Ukiwasha video, ishike waziwazi kifuani au mkononi. Katika Glik simu ilionekana wazi mkononi na hilo lilimsaidia sana. Kuificha mfukoni ikiendelea kurekodi ndiko kunakoleta mashtaka ya kunasa mazungumzo kwa siri.

---

#6 Kokoto_na_Chuma

Mkuu @WakiliMtaani, na akiniambia nifute picha?

---

#7 WakiliMtaani

Usifute, na usimkabidhi kamera kwa hiari ili afute yeye. Sema "sikubali upekuzi" mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha usimzuie kwa mikono. Kumgusa au kuvutana naye kunageuza jambo la picha kuwa kosa la kumshambulia afisa. Hukumu ya Riley v. California (2014) inataka hati ya mahakama kabla ya kupekua yaliyomo ndani ya simu hata ya mtu aliyekwisha kukamatwa. Zima kufungua kwa uso na kidole kabla ya kutoka nyumbani, tumia namba ya siri. Mahakama bado zinavutana kuhusu vidole na nyuso.

Kama zimeshafutwa: toa memori kadi hapohapo, usipige picha nyingine hata moja kwenye kadi hiyo, usiifomati. Kufuta kwa kawaida kunaondoa orodha ya mafaili tu, data yenyewe inabaki mpaka iandikwe juu yake. Ukifika kwenye kompyuta, nakili kadi nzima kuwa faili moja kwanza, halafu endesha programu ya kurejesha kwenye nakala hiyo na uache kadi yenyewe ilivyo. Kwenye simu uwezekano ni mdogo zaidi; angalia kwanza folda ya vilivyofutwa karibuni. Andika muda, mahali, namba ya beji na namba ya gari siku hiyohiyo.

---

#8 Jukwaa_la_Nne

Uingereza kwa ufupi.

Mahali pa umma huhitaji kibali, na polisi hawana mamlaka ya kufuta picha zako. Kile kifungu cha 44 cha Sheria ya Ugaidi ya 2000, kilichotumika kuwasimamisha wapiga picha bila sababu, kilipigwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu Januari 2010 na baadaye kikaondolewa. Kilichobaki cha kujua ni kifungu cha 43: afisa akikushuku kwa msingi kuwa ni gaidi anaweza kukupekua na kutazama picha kwenye kamera au simu, aone kama ni ushahidi. Kutazama, sio kufuta.

Tofauti na Marekani, reli karibu zote ni za Network Rail na askari wake ni British Transport Police. Kuingia relini ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1949, faini hadi pauni 1,000. Stesheni ni mali ya reli lakini milango iko wazi kwa wapenda treni kwa masharti: jitambulishe mapokezi, kaa nyuma ya mstari wa njano, usitumie flashi, miguu ya tripodi (stendi ya kamera ya miguu mitatu) isikaribie ukingo wa jukwaa, picha ziwe za kwako si za kuuza. Ukitaka kuuza au kuleta kikosi, omba kibali kwanza.

Treni maalumu ndizo zinazoharibu. Tarehe 25 Februari 2016, Flying Scotsman, treni maarufu ya mvuke, iliporudi rasmi kutoka London King's Cross kwenda York baada ya matengenezo, watu walivamia njia ya reli ili kuipiga picha ikabidi treni zisimamishwe. Ukiona umati umeshavuka uzio, usijiunge nao. Helikopta ya polisi haichagui nani aliingia wa kwanza.

Na umeme jamani. Waya wa juu ni volti 25,000 na umeme wake unaweza kuruka hewani bila waya kuguswa. Kanuni ya kule ni mita 2.75 kati yako na waya, na hiyo inahesabu pia fimbo ya kujipigia picha na tripodi uliyoiinua juu ya ukuta wa daraja.

---

#9 Lenzi_Ndefu

Madaraja mengi siku hizi yana uzio wa waya. Kwa wanaotaka kubaki juu ya daraja kihalali badala ya kushuka chini: gusisha mkingo wa mpira wa mbele ya lenzi kwenye waya kabisa, fungua apecha f/2.8 hadi f/4, tumia lenzi ya 100 mm kwenda juu. Waya unayeyuka kwenye picha. Kinachoharibu ni jua kuangukia waya, picha inakuwa kama imemwagiwa maziwa. Tafuta jicho la wavu lililo kivulini au litilie kivuli kwa mkono. Mkanda wa kamera uwe shingoni. Kitu kikiangukia reli, umeshageuka kuwa dharura.

---

#10 Kokoto_na_Chuma

Na stesheni za Marekani? Jukwaa si eneo la umma?

---

#11 BehewaLaMwisho

Hapana, ni eneo lililo wazi kwa umma, na hapo mwenye mali anaweka masharti. Stesheni moja inaweza kuwa na wenyewe watatu: jengo la manispaa, jukwaa la Amtrak (kampuni ya treni za abiria), reli ya kampuni ya mizigo. Amtrak inawaruhusu wenye tiketi kupiga wakiwa jukwaani wakijiandaa kupanda au wakishashuka, kwa kamera ya mkononi tu. Asiye na tiketi abaki kwenye sehemu zilizo wazi kwa wote, naye kwa kamera ya mkononi. Hata hivyo Desemba 2008 mtu alikamatwa jukwaani Penn Station, New York, akipiga picha za kushindania shindano la Amtrak yenyewe. Chapa miongozo yao, iweke mfukoni.

Treni za chini ya ardhi za New York kanuni ni namba 1050.9: picha ruksa, lakini taa za ziada, viakisi na tripodi haviruhusiwi. Mwaka 2004 kulikuwa na pendekezo la kupiga marufuku kabisa, likaachwa mwaka 2005. Mtumishi akikukatalia mle ndani, mtajie namba ya kanuni badala ya kumhubiria Katiba. Inafanya kazi haraka zaidi.

---

#12 TarumaLaMbao

Nyongeza kuhusu tripodi nje ya stesheni. Njia ya waenda kwa miguu ni ya umma, lakini kuiziba ni kosa dogo la manispaa karibu kila mji, na ndicho kisingizio rahisi zaidi kwa afisa asiyekutaka pale. Miguu mitatu iliyotanuka inachukua upana wa mita moja. Tumia stendi ya mguu mmoja, au egemea nguzo.

---

#13 Mwewe_wa_Reli

Droni je? Na je, naweza kuuza picha zenye nembo ya kampuni?

---

#14 WakiliMtaani

Droni: anga la Marekani linasimamiwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, sio na kampuni ya reli, ila pa kurukia na pa kutua ni ardhi ya mtu. Dari ni futi 400 (mita 120), droni lazima uione kwa macho, ikizidi gramu 250 inasajiliwa. Anayeruka kwa kujifurahisha afanye ule mtihani mfupi wa usalama. Anayeuza picha anahitaji leseni ya Part 107, yaani ya urushaji wa droni kibiashara. Halafu soma sheria ya jimbo. Texas, kwa mfano, imeweka yadi za kupangia mabehewa kwenye orodha ya miundombinu nyeti ambayo droni haitakiwi kuruka chini juu yake. Njia iliyo wazi mashambani na yadi si kitu kimoja.

Kuuza: picha ni yako, hakimiliki ni ya aliyebonyeza. Jengo la stesheni lililopigwa kutoka mahali pa umma lina ruhusa ya wazi kwenye 17 U.S.C. 120(a). Nembo kuonekana ubavuni mwa kichwa cha treni ndani ya picha ya kutundika ukutani kwa kawaida haina shida. Shida inaanza ukiikata nembo hiyo ukaichapa kwenye kikombe au fulana kana kwamba ni bidhaa ya kampuni; hapo unahitaji leseni yao. Na Ujerumani, kabla ya kuchapisha, angalia nyuso: sheria yao ya 1907 inataka ridhaa ya mtu anayetambulika, isipokuwa kama yumo tu pembeni ya mandhari. Dereva aliyejaa dirishani, akionekana sura yote, hayuko pembeni.